Kufundisha Habari za Fukwe za Mchanga Mahali Pasipo na Bahari

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita nilikaa nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja isiyo mbali na Mkata, wilayani Handeni, fomu ya tathmini ikiwa magotini, nikimsikiliza mwanachuo wetu mmoja akifundisha somo juu ya hifadhi ya fukwe. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ubaoni ulisomeka hadi ukuta wa nyuma, na chati aliyoichora kwa mkono wake ilikuwa na mnazi, mashua na jua linalotua. Aliandika: "Ufukwe ni eneo la mchanga lililopo kandokando ya bahari." Watoto wakanakili. Ndipo msichana mmoja wa dawati la tatu akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, huo mchanga ulitoka wapi?"

Mwanachuo akasita kidogo, kisha akajibu kwamba mchanga ni wa bahari, uko huko tangu zamani. Akafuta ubao, akaendelea na faida za fukwe, ya kwanza ikiwa ni kuvutia watalii.

Nami nikaandika kwenye fomu: "Amelimudu darasa." Nakiri kuwa nilikosea. Swali la msichana yule ndilo lililokuwa somo lenyewe, nasi watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, tukaliacha lipite. Niliporudi barabarani kungoja gari, nililiona tipa likipanda taratibu kutoka korongoni, limejaa mchanga uliokuwa bado ukichuruzika maji. Hapo ndipo nilipotambua kuwa jibu lilikuwa hatua mia chache tu kutoka darasani, na kwamba watoto wote wa darasa lile walikuwa wamelikanyaga asubuhi hiyo wakija shuleni.

Mkata haiko pwani. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha hupita hapo katika barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Segera, na watoto wengi wa vijiji vya jirani hawajapata kuiona bahari, ingawa kwa mstari ulionyooka hata kilomita 100 hazifiki. Kwa hiyo mwanachuo hushawishika kulifundisha somo la fukwe kama hadithi ya nchi ya mbali: hutoa maana, faida, uharibifu na njia za kuhifadhi, watoto hukariri, na mtihani ukiisha husahau. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba somo hili laweza kuanzia pale mtoto alipo, na kwamba likianzia pale linamhusu kuliko alivyodhani mwandishi wa kitabu.

Mchanga hutoka wapi

Mwalimu hana budi alijue jambo kwa kina kuliko atakavyowaeleza wanafunzi, la sivyo swali la kwanza litamwangusha, kama lilivyotuangusha sisi.

Mchanga ni mwamba uliovunjikavunjika. Miamba ya kale ya Handeni, ambayo vichwa vyake hujitokeza mashambani, hupasuliwa na jua, mvua na mizizi kwa muda mrefu sana. Sehemu zake laini huoza zikawa udongo wa mfinyanzi. Sehemu zake ngumu, zile chembe zinazometameta kama vigae vya chupa, haziozi upesi, nazo ndizo mchanga. Mvua za masika huzikokota hadi makorongoni, na makorongo huzifikisha mitoni. Mto Msangasi hutiririka kutoka Handeni kuelekea mashariki hadi kumwagikia baharini katika wilaya ya Pangani. Upande wa kaskazini, Mto Pangani, ambao huko juu huitwa Ruvu, hupita Korogwe, hupokea maji ya Mkomazi na Luengera, kisha huingia baharini penye mji wa Pangani.

Safari hiyo si ya siku moja. Mchanga hulala kiangazi kizima bila kusogea, huamka kwa siku chache za mafuriko, husukumwa mbele kidogo, kisha hulala tena. Chembe inayoonekana leo katika korongo la Mkata huenda isifike baharini katika maisha ya mtoto anayeitazama. Lakini nyuma yake na mbele yake ziko nyingine, na zile za mbele ndizo zinazoingia baharini msimu huu.

Zikifika huko hazitulii. Kusi ivumapo, tangu Aprili hadi Oktoba hivi, mawimbi huupiga ufukwe kwa mshazari kutoka kusini-mashariki, yakausogeza mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikishika zamu, sehemu ya mchanga hurudishwa kusini. Ndiyo sababu mtu wa pwani aweza kukuambia kwamba ufukwe wake ni mpana mwezi huu na mwembamba baada ya miezi mitano, na asishtuke. Bahari ikichafuka, huchukua mchanga wa juu na kuulaza chini ya maji, mbele kidogo ya ufukwe, ikitulia huurudisha. Ufukwe wenye nafasi nyuma yake husogea na kurudi bila madhara. Anayejenga nyumba katika nafasi hiyo amejenga njiani, naye atalaumu bahari.

Watoto wa Mkata hulima mahindi, na mfano wa ghala utawafaa. Ufukwe ni ghala: mito huingiza, mawimbi na mikondo hutoa. Ghala hupungua kwa namna mbili. Ama wanaotoa wamezidi, ama anayeleta amezuiwa njiani. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani, hutupatia umeme na maji ya kumwagilia mashamba. Walakini mchanga unaoingia bwawani hutulia humo na hauendelei na safari. Mwalimu asilitaje bwawa kama adui. Alitaje kama jambo lenye gharama ambayo hailipwi mahali pale lilipojengwa.

Iko aina ya pili ya mchanga, ile nyeupe kabisa ya Unguja na ya visiwa vidogo. Huo haukutoka katika miamba ya bara. Ni mabaki ya matumbawe, makombe na viumbe wengine wa baharini, waliosagwa na mawimbi na wengine kutafunwa na samaki. Tofauti ya aina hizi mbili yaweza kuonyeshwa darasani bila mchanga wa pwani hata punje moja, maana ganda la yai lina asili ya chokaa kama ile ya kombe. Ukilidondoshea maji ya ndimu na kutazama kwa utulivu, utaona vipovu vidogo. Mchanga wa korongoni aghalabu haufanyi hivyo. (Usithubutu kutumia maji ya betri ya gari. Nimewahi kuona pendekezo hilo katika andalio la somo.)

Kunduchi na Maziwe

Mifano ya uharibifu isitolewe kwa jumla. Iko miwili ya nchini mwetu ambayo kila mwanachuo aifahamu vyema.

Wa kwanza ni wa Kunduchi na Mbezi, kaskazini ya Dar es Salaam. Baada ya Uhuru, hoteli za kitalii zilijengwa huko karibu sana na maji, na kufikia miaka ya 1970 wataalamu walikuwa wamekwisha kuandika juu ya ufukwe ule kuliwa. Jiji lilikuwa likikua, na kila nyumba ilidai mchanga. Ukachimbwa katika mito midogo ya Tegeta na Mbezi, ile ile iliyokuwa ikiulisha ufukwe. Huko baharini nako, miamba ya matumbawe inayopunguza nguvu ya mawimbi ilikuwa ikivunjwa kwa baruti za wavuvi haramu. Yaani aliyeleta amezuiwa, na mlinzi wa mlango amepigwa. Hoteli ya Africana ilipoteza ufukwe wake, ikaachwa. Jina lake limebaki kwenye kituo cha mabasi katika Barabara ya Bagamoyo, na sidhani kama abiria wote wanaoshuka hapo wanajua wanataja nini.

Wenye majengo yaliyosalia walijenga vizuizi vya mawe vinavyotoka ufukweni kuingia majini. Kizuizi cha namna hiyo hukamata mchanga unaopita: upande unakotoka mchanga hujaa, upande wa pili hukonda. Jirani wa upande wa pili naye hulazimika kujenga chake, na tatizo huhamia kwa jirani wa tatu. Wengine hujenga kuta zilizosimama wima. Mwaka 2018 ukuta mpya ulikamilika katikati ya jiji, kando ya Barabara ya Barack Obama, iliyokuwa ikiitwa Ocean Road. Na mji wa Pangani nao umejengewa ukuta. Sisemi kuwa kuta hizi hazina kazi. Penye barabara, hospitali na mji wa kale, pengine hapana njia nyingine. Lakini ukuta hulinda kilicho nyuma yake, haulindi mchanga ulio mbele yake. Wimbi likigonga ukuta hurudi kwa nguvu na kuchota mchanga wa chini. Wanafunzi waijue tofauti hiyo, maana magazeti huiita kazi hiyo kwa jina moja tu, kuhifadhi fukwe.

Mfano wa pili uko katika mkoa wetu wa Tanga. Mkabala wa Ushongo, wilayani Pangani, kilomita 8 hivi kutoka pwani, kilikuwapo kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Maziwe. Kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa wa aina tatu walikipanda kutaga mayai. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki mahali pa kutagia kasa palipojulikana zaidi ya hapo palikuwa haba. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi ya bahari. Lakini miti ilikuwa imekatwa, na mchanga usioshikwa na mizizi ukawa hauna wa kuutetea. Katika muda wa miaka michache tu tangu kutangazwa, kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, kisiwa kilikuwa kimekwisha. Maziwe ya leo ni fungu la mchanga: maji yakipwa huonekana, yakijaa hufunikwa. Wataalamu wameutaja ukataji wa miti kuwa miongoni mwa sababu, pamoja na nguvu za bahari yenyewe. Kasa wengine waliendelea kurudi kutaga hapo, kwani kasa hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, na katika karne hii watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamishia mayai yao nchi kavu yasizame.

Nimewaona wanafunzi wa Darasa la Sita wakinyamaza kabisa wanapofika mahali pa kasa anayerudi na kukuta maji. Mwalimu naye anyamaze kidogo hapo. Asiharakishe kuuliza, "Je, tumejifunza nini?"

Somo lianzie korongoni

Sasa tuje kwenye ufundishaji. Napendekeza vipindi viwili, cha kwanza nje na cha pili darasani, wala visifuatane siku moja.

Kipindi cha nje kifanyike wakati wa kiangazi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu korongo lililokauka Mkata laweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo darasa halioni hata wingu. Mwanachuo aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, alikague korongo siku moja kabla, na asiwapitishe watoto chini ya kingo zilizochimbwa kwa ndani, kwani huporomoka bila kutoa ishara. Watoto na waende na kopo moja moja, fimbo, na rula ya darasani.

Huko korongoni mwalimu aongee kidogo. Watoto waokote mchanga mahali patatu: katikati ya mkondo, ndani ya kona, na chini ya ukingo. Wausugue viganjani. Watagundua wenyewe kuwa mahali maji yalipokwenda kasi pamebaki changarawe, na mahali yalipopunguza mwendo pamelala mchanga laini. Hapo waulizwe: mto ukifika baharini na kusimama, utaacha nini? Katika darasa nililolifundisha baadaye swali hilo lilijibiwa na watoto kumi kwa pamoja, na sikuhitaji chati ya mnazi.

Kisha waangalie visima. Katika vijiji vingi vya Handeni, ambako shida ya maji inajulikana nchi nzima, akina mama huchimba mchangani wakati wa kiangazi na kupata maji. Mtoto huyafahamu mashimo hayo kuliko mwalimu aliyetoka mjini, basi na aachiwe aeleze yeye: hufukuliwa kina gani mwezi wa Julai, na kina gani mwezi wa Septemba. Mwalimu aongeze tu kwa nini maji yamo humo. Watoto wajaze kopo la lita moja mchanga mkavu, kisha wamimine maji polepole kwa kipimo hadi yafike juu. Wataona kuwa kopo lililokwisha kujaa mchanga bado limepokea theluthi moja ya lita, au zaidi kidogo. Nafasi kati ya chembe na chembe ndiyo ghala la maji la kijiji, na mchanga wa juu ndio unaoyakinga na jua. Palipochimbwa mchanga wote hadi kwenye udongo wa mfinyanzi, mvua hupita mbio na hakuna kinachobaki.

Mwanafunzi akilielewa hilo, ameielewa pwani. Mchanga unaomhifadhia mama yake maji ndio huo huo ambao, ukiachiwa upite, utakuja kumkinga mvuvi wa Pangani dhidi ya mawimbi. Kazi zake ni mbili, na tipa moja laweza kuziondoa zote.

Kipindi cha pili ni cha kuigiza ufukwe darasani. Zana ni karai pana, mchanga, maji na kipande cha ubao. Mchanga ulazwe upande mmoja kwa mteremko, maji yatiwe upande wa pili, na mtoto mmoja ayasukume kwa ubao polepole ili kufanya mawimbi. Kwanza ufukwe uachwe mtupu, nao utajipanga wenyewe. Halafu apange vipande vya tofali wima kama ukuta, asukume tena. Baada ya dakika chache mguu wa ukuta utaanza kuliwa. Mwisho achomeke rula kuelekea majini na kusukuma mawimbi kwa mshazari, na darasa lilinganishe pande mbili za rula. Jaribio hili la mwisho halikubali kila mara. Mara ya kwanza nilipolifanya mbele ya wanachuo mchanga ulikataa kusogea, kwa kuwa ulikuwa na udongo mwingi. Uoshwe kwanza.

Nataja pia jambo dogo ambalo litamwokoa mwanachuo. Maji ya Mkata hayachezewi. Mwalimu akiwatuma watoto kuleta ndoo tatu kwa ajili ya karai, atasikia habari zake jioni hiyo hiyo kutoka kwa wazazi, nao watakuwa na haki. Ndoo moja yatosha, na maji hayo, yakikwisha kutumika, yapelekwe kwenye bustani ya shule mbele ya macho ya wanafunzi.

Mtoto wa mpakia mchanga

Wiki chache baada ya kosa lililotajwa mwanzoni, mimi na yule mwanachuo tulirudi tukalifundisha somo upya, kwa ridhaa ya mwalimu wa darasa. Lilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Mvulana mmoja, ambaye hakuwa amesema neno, akasimama bila kuitwa, akasema: "Shikamoo, mwalimu. Baba yangu anapakia mchanga kwenye magari. Kwa hiyo baba ni mharibifu?"

Hakuna kitabu cha mbinu za kufundisha kilichoniandaa kwa swali lile. Ningesema ndiyo, ningemvunjia mtoto heshima ya baba yake mbele ya wenzake. Ningesema hapana, ningefuta somo lote ubaoni. Mwanachuo wetu, ambaye safari ile nyingine alishindwa, safari hii alinipita. Alimwambia: "Baba anatafuta chakula chenu, mwanangu, na kazi yake ni ngumu. Tumwulize yeye. Anajua mchanga ulikuwa wapi zamani na uko wapi sasa kuliko mimi." Akampa kazi ya nyumbani ya maswali matatu ya kumwuliza baba: wanachukua wapi siku hizi, walikuwa wakichukua wapi alipoanza, na baada ya masika mchanga hurudi kiasi gani.

Majibu yaliyoletwa, kwa mwandiko wa penseli, yalikuwa bora kuliko maelezo yangu. Mzee yule alisema zamani walijaza gari mahali palipo karibu na barabara, sasa wanashuka mbali. Na kwamba mahali walipokwangua hadi chini mchanga haukurudi kwa mvua mbili, lakini penye kona ambapo huchota wa juu tu hurudi kila mwaka. Kwa maneno mengine, alikuwa akiijua kanuni ya matumizi endelevu bila kuisoma: usichukue zaidi ya kile ambacho mvua hurudisha.

Napenda wanachuo waligundue jambo hili mapema katika kazi yao. Somo la mazingira likiishia katika kumshtaki mtu maskini mwenye beleshi, si somo bali ni hukumu, na mtoto huchagua upande wa nyumbani. Nyuma ya mwenye beleshi yuko mwenye tipa, na nyuma ya mwenye tipa yuko kila mmoja wetu anayetaka nyumba ya tofali. Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa mwaka 2022 iliyokadiria kuwa dunia hutumia tani bilioni 50 hivi za mchanga na kokoto kwa mwaka. Hakuna atakayewaambia watu waache kujenga. Linaloweza kufundishwa ni mahali pa kuchukua, kiasi cha kuchukua, na mahali pa kuacha.

Sheria nayo ina la kusema, na mwanachuo aitaje kwa usahihi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, na kutoka ukingo wa mto. Watoto wazipime mita hizo kwa hatua tangu korongoni. Huona ni mbali kuliko walivyodhani, na mara huanza kutaja nyumba zilizomo ndani yake. Mwalimu awe tayari kwa hilo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo inauhesabu mchanga wa kujengea miongoni mwa madini, kwa hiyo uchimbaji wa biashara unadai leseni.

Lakini jaribio kubwa lilikuja kutoka upande wa shule yenyewe. Siku ile ile, tukifunga vifaa vyetu, mwalimu mkuu alipita akawakumbusha watoto kuwa Ijumaa kila mmoja aje na ndoo ya mchanga kwa ajili ya ujenzi wa darasa jipya. Watoto wakatugeukia sisi. Nilimfuata ofisini kwa adabu. Alinisikiliza, kisha akasema darasa lazima lifike kwenye lenta kabla ya mvua, kwani watoto tisini walikuwa wakikaa chumba kimoja, na fedha za kununua mchanga hakuna. Sikuwa na jibu la kumpa. Nami nilikuwa nimeliona darasa lile la watoto tisini. Tulichokubaliana ni kidogo: watoto wa Darasa la Tano, waliokwisha kwenda korongoni, wawaonyeshe wenzao mahali pa kuchota, yaani ndani ya kona, mbali na visima na mbali na kalvati, wasizidi kina cha kiganja kimoja. Ijumaa hiyo wengi walifanya hivyo. Wengine walichota palipokuwa karibu na njia.

Upimaji

Kuhusu upimaji wa somo, swali la "Taja faida tano za fukwe" liachwe. Afadhali mwanafunzi achore safari ya chembe moja ya mchanga kutoka mlima anaoujua hadi Pangani, na kuandika mahali ambapo yaweza kukwama. Mchoro huo utamwonyesha mwalimu, kwa mtupo mmoja wa jicho, nani ameelewa na nani amenakili kwa jirani.

Liko pia zoezi la muda mrefu, nalo laifaa shule yoyote ya Handeni au Korogwe yenye korongo karibu. Kabla ya vuli wanafunzi wachomeke kijiti kirefu cha mti mgumu katika kona ya korongo, kilichotiwa alama za rangi kila sentimita 10, na kingine kama hicho mahali ambapo magari huchukulia mchanga. Kimo cha mchanga kisomwe na kuandikwa katika daftari moja, pamoja na tarehe na majina ya waliosoma. Mvua zikiisha na korongo likikauka, kisomwe tena. Na baada ya masika tena. Kijiti kikichukuliwa na maji, nalo liandikwe, na kingine kichomekwe. Mwanachuo hatakuwapo kuona matokeo, kwa sababu mazoezi ya kufundisha huchukua wiki chache tu. Kwa hiyo daftari akabidhiwe mwalimu wa darasa, na jalada lake liandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni mali ya darasa, lisije likatumiwa kwa mahudhurio.

Katika shule niliyoieleza kijiti cha kwanza kilisomwa mwezi wa Septemba. Aliyeshika rula ni yule msichana wa dawati la tatu.